Mama Mukwe, Limau Lilikuwa Langu

Kwako Mama mukwe, huko Kilwa ya ziwa Mweru,

Nimeshapiga makofi ya heshima na uso nimeugeuzia pembeni, ingawa uko mbali na hakuna anayeniona. Ni mimi Floribert, mume wa Vero wako, yule mpishi. Miaka kumi na minne nimemuoa binti yako, na sijawahi kukutazama usoni, wala kukaa nawe chumba kimoja, wala kula mbele yako, maana ndivyo mila inavyotaka kati ya mwanamume na mama mukwe wake. Kukuandikia haikukatazwa. Nimeuliza kwa wazee wawili, wote wamekubali, na mmoja alinicheka. Basi leo nitasema na wewe utanisikiliza hadi mwisho, kwa sababu barua huwezi kuikimbia nyuma ya nyumba kama ulivyokuwa ukikimbia ukisikia viatu vyangu.

Barua hii ni ya wazi. Naisoma kwa sauti mbele ya watu kabla ya kuituma, kwa sababu aibu uliyoipata uliipata mbele ya watu. Nimejitahidi kuandika Kiswahili cha misa, kile unachokipenda. Ila pale watu wanapoongea nimewaacha waongee kama tunavyoongea hapa Lubumbashi, la sivyo hutawatambua.

Nianze na ule ukuta wa mtaa wetu wa Katuba. Nyumba yako upande mmoja, nyumba tuliyopanga mimi na Vero upande wa pili, na katikati matofali ambayo mwenye lupango, ule uwanja wa nyumba zetu mbili, hakuwahi kuyamaliza, yakaishia kifuani. Mbabula yako ya makaa ilikaa kwako, yangu kwangu, na kila jioni moshi wetu ulichanganyika ila sisi wenyewe hatukuchanganyika. Wakati huo nilikuwa nimeanza kazi ya jikoni katika mgahawa mmoja wa Karavia, na nilikuwa na kiburi cha mtu aliyevaa kofia nyeupe kwa mara ya kwanza. Nilitaka kumpikia mke wangu kuku wa krimu kama wa kazini. Krimu yenyewe, ile nzito ya boksi inayotoka nje ya nchi, siku hiyo haikupatikana duka lolote. Nikaanza kulalamika peke yangu, kwa sauti.

Kumbe ulikuwa unasikia. "Vero," ukasema kutoka kwako, "ambia bwana yako krem haitokaka ku duka tu. Iko na maziwa ya unga? Iko na siagi? Basi iko na krem."

Nilimtuma Vero akujibu kwamba krimu haitengenezwi kwenye mbabula, krimu inatoka kiwandani, na kwamba mimi ndiye mpishi hapa. Ukacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukusikia ukicheka. "Ambia mupishi aache mudomo," ukasema, "alete sufuria."

Ndivyo shule yangu ilivyoanza, mama. Vero alipochoka kupeleka na kurudisha maneno, wewe ukaanza kuongea na vyombo. "Weye mbabula, moto yako iko mingi. Maziwa haipendaka moto mingi." Au: "Weye siagi, yeyuka polepole, hakuna mutu anakufukuza." Mwiko wangu ukisimama kidogo tu, ulijua bila hata kuona: "Weye mwiko, usilale." Nami nilijibu kwa njia hiyo hiyo. "Mwiko, ambia mama aksanti." Majirani walidhani familia yetu imerogwa. Mimi nilikuwa nacheka hadi nashika tumbo, na nilikuwa na furaha, nasema kweli. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, na hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kunigombeza jikoni kwa upendo namna ile.

Hiyo krimu naiandika hapa ili kila anayesikia ajue ilitoka kwa nani. Maziwa ya unga, yale yenye mafuta, yakorogwe na nusu tu ya maji ya kawaida, yawe mazito. Yapashwe moto hadi kidole kivumilie kuhesabu kumi, yasichemke. Siagi iyeyushwe pembeni, isikaangike. Kisha maziwa yamwagwe juu ya siagi kidogo kidogo, kwa uzi mwembamba, huku mkono mwingine unapiga bila kupumzika. Yote yaingie kwenye chupa ya mdomo mpana, kifuniko kikazwe, na chupa itikiswe mpaka mkono uanze kuuma. Ukiuma, wewe ulisema, ndipo kazi imeanza. Halafu chupa ikae kwenye beseni la maji baridi, imefunikwa kitambaa kibichi. Kwa muda wa sufuria ya maharagwe kuiva, krimu imekuwa nzito, inashika mgongo wa kijiko. Haitaumuka kama krimu ya kupamba keki, mtu asijidanganye, lakini kwenye sosi inakaa vizuri kabisa. Ulijifunza ulipokuwa mpishi kwa Masista, miaka ile maboksi yalipokuwa hayafiki. Masista walikula wakadhani yamefika.

Ya kwangu ya kwanza ilitoka mafuta juu, maji chini. Hukunionea huruma hata kidogo. "Weye chupa," ukasema, "huyu bwana anakutikisa kama anabembeleza mutoto." Ya pili ikawa afadhali. Ya tano Vero alikula, akalamba sahani, akaniuliza boksi nimelipata wapi. Nikamwonyesha ukuta kwa kidole.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimeshazunguka vya kutosha.

Wewe ni Muluba wa kaskazini, mjane wa mtu wa reli. Mimi ni Mubemba wa upande wa Mokambo. Kwetu kuna matebeto. Familia ya mke inampikia mukwe wao vyakula vya kwao, wanawake wanavileta vimefunikwa, na mmoja wao anafunua sufuria moja moja huku anatangaza ni nini na kimepikwaje. Mukwe anaonja kila kimoja. Akimaliza, mlango umefunguliwa: anaweza kula kwa wakwe zake, hata kukaa meza moja na mama mukwe. Chakula asichokionja kinafunikwa tena na kurudishwa kilikotoka, na mlango unabaki umefungwa. Nyinyi hamna desturi hiyo, na hakuna mtu aliyekudai. Ulimwambia Vero tu: "Bwana yako ni Mubemba, nitamupikia kama kwabo. Nimechoka kusemesha mbabula." Vero aliponiletea maneno hayo nilitoka nje nikasimama karibu na bomba, maana machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka anione.

Ulichagua kuku wa krimu awe chakula cha mwisho, krimu ya mikono yako mwenyewe. Na ulitaka awe na ukali kidogo wa limau, kama nilivyokuwa nikimsifia wa kazini. Limau hukuwahi kulitia kwenye krimu yako. Siku moja kabla ya sherehe ukamtuma Vero aniulize linaingia lini. Nilikuwa navaa viatu, nina haraka. Nikasema: "Ambia mama akamue limau ndani, aache ichemke na nguvu paka ikuwe nzito."

Vero akaenda, akarudi. "Mama anauliza kama iko sawa. Anasema yake haichemshaka."

"Muambie ni vile tunafanya ku kazi."

Na ni kweli, ndivyo tulivyofanya kazini. Lakini kazini ilikuwa krimu ya boksi, yenye mafuta mengi, inayovumilia moto na limau pamoja. Ya kwako ni maziwa na siagi vilivyopatanishwa kwa mkono. Ukivichemsha na limau, vinaachana. Mpishi wa mwezi mmoja anajua hilo, na mimi nililijua. Sikufikiri tu, kwa sababu moyoni sikuamini kwamba krimu ya mbabula inastahili kufikiriwa. Wewe uliamini kofia yangu nyeupe kuliko mikono yako, na mimi niliiamini pia.

Jumamosi mchana nilikaa kwenye mkeka katikati ya lupango letu. Ndugu zangu walikuwa kando, na baba mkubwa Chanda, kaka wa marehemu baba yangu, kwenye kiti mbele ya wote. Wewe ulibaki upande wako wa ukuta, umekaa chini tusikuone. Shangazi yake Vero, Mama Georgette, ndiye aliyekuwa anafunua. Bukari, ugali mweupe. Sombe ya majani ya muhogo. Ndakala, dagaa wa kukaanga. Samaki mkubwa wa Mweru. Kila kimoja nilionja, na wanawake wakapiga vigelegele. Kisha ikafika sufuria ya mwisho. "Hii ni kuku ya krem," akatangaza kwa sauti iliyofika barabarani, "na krem mama mukwe alifanya ye mwenyewe na mikono yake!" Akafunua.

Mafuta ya njano yalikuwa yanaelea juu. Chini yake maji, na chembe chembe nyeupe zimeng'ang'ania nyama.

Baba mkubwa akainama, akanusa, ingawa harufu haikuwa na ubaya wowote. "Maziwa imeharibika," akasema. "Banaletea mukwe maziwa ya kuharibika." Mtu mmoja akacheka, wengine wakamfuata. Mama Georgette akabaki na kifuniko mkononi, hajui akiweke wapi. Kisha wote wakanitazama mimi, na mimi nilikuwa na kijiko.

Mama, nilijua papo hapo. Niliona limau langu ndani ya sufuria ile. Ningeweza kusema: maziwa ni mazima, mimi ndiye niliyemwelekeza vibaya. Au ningekula bila kusema neno, maana haikuwa imeharibika, ilikuwa imekatika tu, mafuta yameachana na maji, na kuku aliyekatikiwa na sosi bado ni kuku. Lakini baba mkubwa alikuwa ananikodolea macho, na mimi ndiye mpishi wa Karavia, nikaona haya kusema mpishi amekosea. Nikaweka kijiko chini. Mama Georgette akafunika sufuria, akairudisha kwako imejaa.

Nilitega sikio kama utalia. Hukulia. Nilisikia unasugua sufuria kwa mchanga, ukasugua na ukasugua, mpaka wageni wote wakaondoka. Kutoka siku ile mbabula haikuambiwa neno tena. Nilijaribu mara mbili tatu kuongea na mwiko wangu kwa sauti, na upande wa pili kukawa kimya. Mwaka uliofuata ukahamia Kilwa kwa mwanao Kabange, na ukuta ukabaki na sisi.

Miaka tisa imepita. Kwa upande wa kazi sina cha kulalamika, na sitajifanya mnyonge ili unihurumie. Niliacha mgahawa, nikaanza kupika mwenyewe kwenye ndoa na komunyo, na leo nikisema mimi ni mmoja wa wapishi wazuri wa mji huu sijisifu, nasema kilichopo. Watu wananifuata kwa sababu ya sosi. Na sosi yangu yote inasimama juu ya krimu yako. Maboksi yakiwepo dukani siyagusi. Nimejifunza pia namna ya limau: sufuria itolewe motoni, itulie, krimu iingie, na limau lije mwisho kabisa, matone machache, huku unakoroga. Haijawahi kukatika hata mara moja. Nimekuwa nikiipika hivyo miaka yote hii, na kila nikitia matone yale moyo unanichoma.

Mwezi uliopita mama mmoja wa bibi arusi alikuja kwetu kunipa kazi, akaonja, akaniuliza krimu hii nilifundishwa wapi. Mdomo wangu ukajibu wenyewe, kama kawaida yake: "Ku kazi, Karavia." Vero alikuwa pembeni anamenya vitunguu saumu. Akaweka kisu chini. Mgeni alipoondoka akaniuliza, pole pole, "Karavia?"

Hapo nikamwambia yote. Nilidhani atashangaa jambo la limau. Hakushangaa jambo la limau. Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Kesho yake baada ya matebeto ulimwita, ukamwambia: "Bwana yako ni mupishi, hawezi kukosa. Ni weye ulileta maneno mubaya." Na yeye aliamini, mama. Miaka tisa mke wangu ameamini kwamba alikosea njiani, kati ya viatu vyangu na mlango wako, na kwamba ndiye aliyekuaibisha. Ndiyo maana akija Kilwa hakai zaidi ya siku mbili. Wewe ulinitetea kwa kumlaumu binti yako, na mimi nilikuwa nimekaa upande huu wa ukuta nimenyamaza. Sikuwahi kujichukia kama siku ile.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Miye nimesikia. Sasa andika ku mama. Na hii maneno sitapeleka miye."

Mficha uchi hazai, wazee walisema. Kwa hiyo sikiliza, na Kabange akusomee tena sehemu hii kama upepo wa ziwa umeipeleka. Vero alileta maneno sawasawa, kila neno. Krimu yako ilikuwa nzuri. Mikono yako haikukosa. Mwenye kosa ni mimi, mara ya kwanza kwa kujua kwingi, mara ya pili kwa woga, na mara ya tatu kwa kunyamaza miaka tisa huku nakula kwa jasho la ujuzi wako. Mpigie Vero simu leo, umwambie umejua. Hilo ndilo la kwanza ninalokuomba, hata kabla ya kunifikiria mimi.

Naongeza haya baada ya kuisoma barua. Niliisoma Jumapili, lupangoni kwetu, watu wa jumuiya wakiwepo, na Mama Georgette, na baba mkubwa Chanda kwenye kiti chake. Macho yake yamefifia ila masikio ni mazima. Nikamaliza. Baba mkubwa akakohoa. "Ile ni maneno ya zamani," akasema.

Mama Georgette akamjibu kabla yangu. "Ya zamani kwako, baba. Miye mukono yangu ingali inashika kile kifuniko."

Mzee akainamisha kichwa. Baadaye alinivuta pembeni akaniambia niandike kwamba harufu haikuwepo, yeye alinusa ili achekeshe watu. Nimeandika. Alitaka niongeze kwamba anakuheshimu, nalo nimeliongeza, na utalipima mwenyewe.

Wiki hii nimepika ndoa mbili. Watu wakiuliza krimu nimefundishwa wapi, najibu: na mama mukwe wangu, Muluba, mpishi wa Masista, yuko Kilwa. Wengine wanadhani natania, kwa sababu wanajua mukwe na mama mukwe hawakai jiko moja. Nawaambia hatukukaa, tulitenganishwa na ukuta, na bado alinifundisha. Nalisema kwa kichwa kilichoinuka. Ninakukumbuka, mama. Nakumbuka sauti yako ikinigombeza zaidi ya ninavyokumbuka sosi yoyote niliyosifiwa.

Mvua zikikatika na barabara ikikauka, nitapanda lori la samaki linaporudi tupu, nije. Vero atakuja nami, na safari hii atakaa. Sikuombi matebeto mapya. Uliyafanya, na uliyafanya vizuri. Nitakaa nje ya mlango wako, mgongo nimekupa, kama mila inavyotaka. Usichinje kitu, usitume mtu sokoni. Chochote kitakachokuwa motoni siku hiyo kitolewe. Kikiwa kizuri nitakula. Kikiwa kimeungua nitakula. Kikiwa kimekatika nitakula mbele ya Kilwa nzima, na sahani nitairudisha kwako tupu, bila kifuniko. Ukishaiona, amua wewe kama nigeuke.

Mukwe wako,
bwana ya Vero